Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Kituo Chetu cha Kiswahili kwa Wageni, Bagamoyo: Sarufi Peke Yake Haitoshi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, Wajumbe wa Bodi, na Mratibu wa Taaluma.

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika hadharani kwa sababu jambo hili limeshazungumzwa ndani na halikupata msikilizaji. Nimelisema katika vikao vya walimu, nikaliandika kwa Mratibu wa Taaluma, nikaliambatisha kwenye taarifa za mwisho wa kozi, na jibu limekuwa kwamba limepokelewa na litafanyiwa kazi. Makundi mapya yameendelea kuingia, kitabu ni kilekile na mtihani ni uleule. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa sikusudii kukivunjia heshima, na kwa kuwa upungufu nitakaoueleza naukuta pia kwa wenzetu wengine wa pwani hii wanaofanya kazi kama yetu. Ninyi mnajijua.

Malalamiko yangu yanahusu kile ambacho wataalamu wa isimu wanakiita pragmatiki: namna maneno yanavyopata maana kutokana na nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa kusudi gani. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara yake ya mwaka 1955 kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Mtu akifungua kinywa anaomba, anaahidi, anakataa, anaonya au anapatanisha. Dell Hymes naye, mtaalamu wa isimu na anthropolojia wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1972, alieleza kwamba mtoto hajifunzi sarufi pekee, anajifunza pia lini aseme na lini anyamaze, azungumze nini, na nani, wapi na kwa namna gani, na umilisi huo wa kimawasiliano, yaani uwezo wa kuitumia lugha ipasavyo, ndio unaomfanya ahesabike kuwa anaijua lugha. Mambo haya yana zaidi ya miaka hamsini katika taaluma ya ufundishaji wa lugha ya pili. Katika darasa letu bado hayajaingia, na ninayoyalalamikia ni haya yafuatayo.

1. Tunapima sehemu moja ya lugha na kutoa cheti cha lugha nzima.

Mtihani wetu wa mwisho unauliza ngeli na upatanisho wa kisarufi, nyakati, mnyambuliko wa vitenzi, ufahamu na insha. Sehemu ya mazungumzo inamtaka mwanafunzi ajitambulishe na aeleze familia yake mbele ya mwalimu aliyemzoea. Baada ya hapo tunampa cheti chenye daraja la A1, A2 au B1, madaraja tuliyoyachukua kutoka katika mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na ndiyo tunayoyatangaza kwa wageni ili wajue thamani ya kozi. Mfumo huo unaugawa umilisi wa lugha katika sehemu tatu: umilisi wa lugha yenyewe, yaani sarufi, msamiati na matamshi, umilisi wa isimujamii, unaohusu salamu, adabu na nafasi za watu katika mazungumzo, na umilisi wa pragmatiki, yaani uwezo wa kuitumia lugha kutimiza kazi fulani na kuyapanga mazungumzo yakaeleweka. Tumechukua herufi na namba za wenzetu, tukaziacha sehemu mbili kati ya tatu. Mwajiri anayepokea cheti hicho hana namna ya kujua.

2. Kosa la sarufi husamehewa. Kosa la matumizi huhesabiwa kuwa tabia ya mtu.

Hapa ndipo penye uzito wa barua yangu, kwa hiyo mniruhusu nieleze tukio moja kwa kirefu.

Mwanafunzi wa daraja la juu, ambaye katika mtihani wa ngeli hakukosa hata swali moja, alipewa zoezi la kutembea Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo na kuzungumza na wakazi. Nilikuwa nyuma yake hatua chache. Alimkuta bibi mmoja ameketi barazani anasuka ukili, fungu la miyaa liko miguuni pake. Kijana akasimama mbele yake, akamwambia kwa matamshi safi kabisa: “Wewe unafanya nini?” Bibi akamjibu kwamba anasuka. Kijana akaendelea: “Nataka kukupiga picha. Geuka huku.” Bibi akatabasamu, akasema, “Mjukuu wangu, Kiswahili unakijua hasa,” akaukunja ukili wake, akaingia ndani na kurudishia mlango.

Katika sentensi za kijana yule hamna kosa ambalo kalamu nyekundu ingelizungushia duara. Alichokosa ni shikamoo, ni kuuliza habari za tangu asubuhi, ni pole na kazi, ni kuchutama au kusubiri akaribishwe barazani ili asiongee na mtu mzima akiwa amemsimamia, na ni kuomba: “Bibi, kazi yako imenivutia, naomba ukiridhia nikupige picha.” Neno “wewe” alilolitanguliza mbele ya kitenzi ambacho tayari kina kiambishi cha nafsi linamgeuza mzee kuwa mtoto anayekaripiwa, lakini katika kitabu chetu limo kwenye jedwali la nafsi tu, na mifano yote imelitumia bila onyo lolote.

Yaliyofuata yanahuzunisha zaidi. Kijana alirudi darasani amefurahi, akaandika katika taarifa yake kwamba mwenyeji amemsifu, na mtathmini akampa alama zote, kwa maana karatasi ya tathmini haina mahali pa kuandika kilichotokea. Nilipomweleza baadaye jinsi bibi yule alivyojisikia, aliumia, akaniuliza kwa nini hakuambiwa mapema. Swali hilo nalielekeza kwenu, waheshimiwa, kwa maana mwenye jibu ni anayepanga mtaala.

Mtaalamu wa pragmatiki Jenny Thomas aliandika mwaka 1983 kwamba mzungumzaji mgeni anapokosea sarufi msikilizaji hugundua mara moja kuwa huyu bado anajifunza, lakini anapokosea matumizi huonekana mkorofi au mwenye kiburi, na hatari hiyo huongezeka kadiri sarufi yake inavyokuwa nzuri. Hilo mimi naliona kila msimu. Mgeni anayesema “mtoto kimelala” huchekewa kwa upendo na kusaidiwa. Mgeni anayesema “Nipe chai” kwa mama mwenye nyumba, bila kukosea irabu hata moja, husemwa akishaondoka. Kwa maneno mengine, kadiri tunavyowanoa katika sarufi peke yake ndivyo tunavyowaondolea msamaha wa mgeni bila kuwapa adabu ya mwenyeji.

3. Salamu na maombi yanafundishwa kama msamiati wa kukariri.

Somo la kwanza la kitabu linasema kwamba shikamoo ni salamu kwa mkubwa na jibu lake ni marahaba, kisha linahamia kwenye namba. Halisemi mkubwa anapimwaje. Daktari kijana akikutana na mgonjwa mzee, nani anaanza? Mgeni wa miaka arobaini akiamkiwa na watoto wa shule njiani, afanye nini? Nimewasikia watu wazima wakiwajibu watoto “nzuri”, na wengine wakiwarudishia watoto “shikamoo”, watoto wakabaki wanatazamana. Na ile “mambo” wanayoiokota ufukweni kwa vijana wanaipeleka hivyohivyo kwa shehe na kwa paroko.

Halisemi pia kwamba salamu za kwetu ni mfululizo wenye mwendo wake. Mtu huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila swali hujibiwa nzuri au salama hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Habari ya ugonjwa inakuja baadaye, baada ya “nzuri, ila…”. Mwanafunzi wetu mmoja aliyekwenda kujitolea kwenye zahanati alimuuliza mzee “Habari yako?”, mzee akajibu “Nzuri, alhamdulillahi”, naye akaandika kwenye daftari kwamba mgonjwa hana malalamiko. Mzee alikuwa hajapata choo kwa siku kadhaa na alikuwa anasubiri salamu ziishe ndipo aulizwe shida yake. Bahati nzuri muuguzi alikuwapo. Tusitegemee bahati ya namna hiyo.

Kuhusu maombi, tunafundisha hali ya kuamuru mapema kwa sababu ni nyepesi kuunda, kisha tunamwambia mwanafunzi aongeze “tafadhali” ili awe na adabu. Wenye lugha hawaombi hivyo. Tunasema “naomba”, “nisaidie”, “nipatie”, “naomba uniletee”, tunatanguliza mwito wa heshima, na mara nyingi tunatanguliza maelezo ya shida kabla ya ombi lenyewe. “Nipe” nayo ina mahali pake: dukani, kati ya watu wa rika moja, “nipe nyanya za elfu moja” haimkeri yeyote. Mwanafunzi anahitaji kuelezwa mipaka hiyo kwa uwazi, kwa sababu hawezi kuikisia. Vilevile hafundishwi kuitika. Mtoto wa kike wa Bagamoyo akiitwa na mkubwa huitika “abee”, wa kiume “naam”. Wanafunzi wetu huitika “nini?”, na hatuwezi kuwalaumu, kwa kuwa ndilo neno tulilowapa.

Siongezi hapa hodi, kuaga, kumkatiza mtu akiongea, wala kuuliza “kwa nini” mara tatu mfululizo mahali ambapo mwenyeji angesema tu, “Jana hatukukuona, kheri?” Orodha ni ndefu, na ninayo tayari imeandikwa kwa ajili ya kikao.

4. Tunawafundisha kusema, hatuwafundishi kuelewa kisichosemwa.

Mgeni akimwalika fundi aje kesho, fundi akajibu “Inshallah, tukijaaliwa”, mgeni anaandaa chai. Fundi asipotokea, mgeni anasema watu wa hapa ni waongo, na nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu katika bustani ya kituo chetu. Huenda fundi amekubali kwa moyo wote, huenda amekataa kwa namna isiyomvunja mtu uso. Mwenyeji hutofautisha kwa sauti, kwa muda aliochukua kabla ya kujibu, na kwa kuona kama ameuliza saa na mahali. Mwanafalsafa Paul Grice, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1975, alieleza kwamba wasikilizaji hupata maana kubwa kuliko ile ya maneno yenyewe kwa kudhani kwamba msemaji anashirikiana nao. Ishara zinazotumika kufikia maana hiyo hazilingani kila mahali, na hizo ndizo zinazofundishika.

“Karibu chakula” nayo ni hivyo. Kuna karibu ya kumkuta mtu anakula, ambayo jibu lake la kawaida ni “ahsante, endeleeni”, na kuna karibu ya kutengewa mahali mkekani na kuletewa maji ya kunawa, ambayo ukiikataa kwa “hapana” kavu umemdhalilisha mwenye nyumba.

Na kuna utani. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara, Wanyamwezi walifika hapa na mizigo kutoka bara, na utani wao na Wazaramo ungali hai. Mgeni anayewasikia watani wakitukanana msibani, tena mbele ya wafiwa, ama anashtuka na kuona watu hawana huruma, ama, jambo lililo baya zaidi, anajaribu kuiga akiwa si mtani wa mtu. Hatuna hata ukurasa mmoja kuhusu utani. Katika mji huu, jambo hilo halielezeki.

5. Walimu hawakuandaliwa.

Tumeajiriwa kwa kuwa ni wenye lugha. Mwenye lugha huhisi mara moja kwamba jambo limesemwa vibaya, lakini kueleza kwa nini ni kazi nyingine, inayohitaji mafunzo. Tangu nianze kazi hapa hakujafanyika semina ya matumizi ya lugha.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa maana nimeshayasikia vikaoni, na ningependa kuyajibu mapema.

Jibu la kwanza ni kwamba hayo watajifunza mtaani. Nakiri kwamba kuishi na wenye lugha kunasaidia. Watafiti Kathleen Bardovi-Harlig na Zoltán Dörnyei walichapisha mwaka 1998 utafiti uliolinganisha wanafunzi wa Kiingereza waliokuwa Hungaria na waliokuwa Marekani: wale wa Hungaria, pamoja na walimu wao, waliona makosa ya sarufi kuwa mazito zaidi, na wale walioishi Marekani waliona makosa ya matumizi kuwa mazito zaidi. Basi mazingira yanafungua macho. Lakini kuona kwamba mtu mwingine amekosea si sawa na kujua wewe mwenyewe useme nini, na wageni wetu wengi wanakaa wiki chache. Zaidi ya hayo, mtaa wa Bagamoyo hausahihishi. Adabu ileile tunayotaka waijue inamkataza mwenyeji kumwambia mgeni kwamba amekosa adabu. Atamsifu kama bibi yule alivyofanya, na atafunga mlango. Mwanafunzi atabaki na sifa, kosa litakomaa, na atarudi kwao akiamini kwamba alipendwa kila alipopita.

Jibu la pili ni muda. Sidai saa za nyongeza. Somo la hali ya kuamuru linaweza kufundishwa pamoja na njia za kuomba, somo la viambishi vya nafsi pamoja na suala la “wewe”, somo la wakati ujao pamoja na inshallah. Sarufi itafundishwa ileile, ila itakuwa na watu ndani yake.

Jibu la tatu, ambalo ndilo la heshima zaidi, ni kwamba tusiwalazimishe wageni kuwa Waswahili. Hilo ni kweli, na Thomas mwenyewe alilizingatia: kazi ya mwalimu ni kumpa mwanafunzi ujuzi wa kuchagua. Mgeni akijua kwamba “shikamoo” inatarajiwa na akaamua kutoitamka kwa sababu zake, huo ni uamuzi wake na ataubeba. Asiyejua hajaamua chochote. Tumemwamulia sisi kwa kunyamaza.

Jibu la nne ni kwamba matumizi hayapimiki. Yanapimika. Kwa miongo kadhaa watafiti wametumia mazungumzo ya kuigiza na maswali ya kukamilisha mazungumzo, ambapo mwanafunzi hupewa hali, uhusiano na ukubwa wa ombi, kisha husema ambalo angelisema. Mwambieni mwanafunzi akope jembe kwa mzee jirani, kisha alikope kwa rafiki wa rika lake, na mtasikia tofauti au kukosekana kwake.

Kwa heshima, naomba yafuatayo.

Kwanza, theluthi moja ya alama za mtihani wa mwisho itolewe kwa mazungumzo ya kuigiza, na anayetathmini asiwe mwalimu wa darasa peke yake. Waalikwe wakazi wawili au watatu wa rika tofauti, walipwe posho, na waulizwe swali moja tu: ungependa mtu huyu arudi kwako? Nina hakika akina mama wa soko la samaki watatoa tathmini ya kina kuliko karatasi yoyote tuliyonayo.

Pili, tuandae rekodi za mazungumzo halisi, kwa idhini ya wanaorekodiwa, kutoka sokoni, zahanati, kituo cha daladala na barazani, zichukue nafasi ya mazungumzo ya kitabu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasema.

Tatu, familia zinazopokea wanafunzi ziombwe rasmi, kwa maandishi, zisahihishe, na mwanafunzi aelezwe siku ya kwanza kwamba kusahihishwa nyumbani ni sehemu ya kozi. Ruhusa hiyo ikitoka kwenu, mwenyeji hatajiona mkosefu wa ukarimu.

Nne, walimu tupatiwe mafunzo kabla ya kozi ijayo. Niko tayari kuandaa kikao cha kwanza bila malipo.

Tano, mpaka mtihani utakapobadilishwa, cheti kiseme wazi kwamba kimepima sarufi, msamiati, ufahamu na uandishi, na daraja la mfumo wa Ulaya liondolewe.

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwezi Novemba 2021, na Umoja wa Afrika ulipoipokea lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, maombi ya kujifunza yanatoka pande nyingi, wakiwemo wauguzi, watafiti na wanafunzi wa sanaa wanaoifuata ngoma na uchongaji wa hapa. Wanaondoka na Kiswahili tutakachowapa, na wanakwenda nacho vijijini, Kaole, Mlingotini na mbali zaidi, kwa watu ambao hawatapata nafasi ya kutulalamikia.

Naomba jibu la maandishi, na tarehe ya kikao kabla ya kundi lijalo halijaandikishwa. Orodha ya hali za mazungumzo ya kuigiza, mwongozo wa alama, na rasimu ya barua kwa familia wenyeji vimeshaandaliwa, na nitavileta ofisini siku yoyote mtakayoniita.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni,
Dunda, Bagamoyo.

Nakala: walimu wenzangu, familia zinazopokea wanafunzi.